Sanamu ya Roketi ya Huntsville na Feza ya Watu

Mtu akikuomba feza ili atengeneze ndege mbovu, utamwuliza kwanza: Je, itaruka tena? Na akikujibu kwamba haitaruka, tena haikuruka hata siku moja, kwa maana si ndege bali ni sanamu ya ndege, pengine utacheka na kufunga mfuko wako. Lakini katika mji wa Huntsville, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, watu waliombwa jambo la namna hiyo, nao hawakucheka. Habari yake ni ndefu. Ndani yake mna mambo ya kufurahisha na mengine ya kuhuzunisha, na moja linagusa hata nchi yetu ya Katanga, kama utakavyoona mbele.

Sanamu yenyewe yaitwa Pathfinder, ndiyo kusema mtafuta njia. Katika miaka ya 1970 Wamarekani walikuwa wakitengeneza chombo kipya cha angani, chenye kupanda juu kama roketi na kurudi chini kikitua kwa mabawa kama ndege. Chombo cha kweli kilikuwa cha bei kubwa mno. Nani angethubutu kukifunga kwenye minyororo ya mashini ya kunyanyulia bila kujaribu kwanza kama minyororo inafaa, na kama mlango wa ghala unatosha, na kama gari litapinda kona bila kugonga mti? Basi mwaka wa 1977 mafundi wa Huntsville wakaunda kitu cha chuma na mbao, chenye ukubwa na uzito kama chombo cha kweli, yapata tani 75. Hakikuwa na injini wala viti. Kilikuwa mzigo wa kujifunzia tu. Wakakipeleka kwa maji mpaka Florida, na huko wafanyakazi wakakiinua na kukishusha, wakakivuta huku na huku, mpaka mikono yao ikazoea. Kama kingeanguka, hasara ingekuwa mbao na chuma.

Kazi hiyo ilipokwisha, sanamu ikawekwa ghalani ikasahauliwa. Walioitoa ni Wajapani. Chama kimoja cha Tokyo cha urafiki kati ya Japani na Marekani kilitoa karibu dola milioni moja ili isuguliwe, ipakwe rangi na kupewa sura ya chombo cha kweli. Ikaonyeshwa Japani tangu mwezi wa Juni 1983 hata Agosti 1984. Kisha ikarudi Alabama, na mwaka wa 1988 ikasimamishwa nje, mbele ya jumba la makumbusho la roketi la Huntsville, juu ya tangi kubwa la mafuta, na roketi mbili za kusukuma ubavuni. Tangi hilo si la bandia: lilitumika kweli katika majaribio ya injini, ila halikuruka.

Hapa msomaji mwenye akili atauliza: Kwa nini kutunza sanamu, na vyombo vya kweli vipo? Vipo, ni kweli. Vilipostaafu mwaka wa 2011 viligawanywa: Discovery karibu na Washington, Atlantis kule Florida, Endeavour mjini Los Angeles. Lakini kila kimoja kiliwekwa peke yake, kama mtu aliyevuliwa mavazi yake. Kwa miaka zaidi ya 30 mtu aliyetaka kuona vipande vyote vikiwa vimeungana, chombo na tangi na roketi zake za kusukuma, kama vilivyosimama asubuhi ya safari, ilimbidi aende Huntsville kuiangalia ile sanamu. Los Angeles wenyewe waliisimamisha Endeavour namna hiyo mwaka wa 2024 tu. Kwa hiyo sanamu ilifundisha jambo ambalo vitu vya kweli havikulifundisha.

Sasa turudi nyuma, tuone jumba lile lilijengwa kwa feza ya nani.

Huntsville ulikuwa mji mdogo wa pamba. Mwaka wa 1950 ulikuwa na watu 16,000 tu. Mwaka ule ule jeshi la Marekani lilihamishia huko kundi la Wajerumani zaidi ya mia moja, mafundi wa roketi, mkubwa wao akiitwa Wernher von Braun. Hao ndio waliounda roketi ya V-2 wakati wa vita ya pili, na yafaa tuseme wazi iliundwaje, kwa maana sahani ya picha nzuri mara nyingi huficha mambo. V-2 ziliundwa na wafungwa wa kambi ya Mittelbau-Dora, ndani ya mashimo ya mlima. Wafungwa wapata 60,000 walipita katika kambi hiyo na matawi yake, na wapata 20,000 walikufa, kwa njaa, kwa kazi, kwa kupigwa na kunyongwa. Roketi zenyewe ziliangushwa sana juu ya London na Antwerpen, ile bandari ya Ubelgiji iliyokuwa ikipokea meli za Matadi. Tarehe 16 Desemba 1944 moja ilianguka juu ya nyumba ya sinema iitwayo Rex, ikaua watu 567. Mtu akitoa dola yake leo ili kutengeneza roketi za Huntsville, ni haki yake kujua hayo pia. Sifa za kuufikia mwezi zilianzia kwenye shimo lile.

Basi mji ukakua upesi kama uyoga baada ya mvua. Mwaka wa 1970 ulikuwa na watu wapata 139,000. Huko ndiko ilikobuniwa Saturn V, roketi ya urefu wa meta 110, iliyowachukua watu mpaka mwezini mwaka wa 1969. Von Braun alitaka pia pawe na mahali ambapo watoto na wazee wangeona kazi hiyo kwa macho. Jeshi lilikubali kutoa kiwanja. Lakini kiwanja si nyumba, na nyumba yataka feza.

Njia waliyoichukua ni hii. Serikali ya jimbo la Alabama ilitaka kukopa dola milioni 1.9 kwa kuuza hati: anayenunua hati anaikopesha serikali, nayo humrudishia polepole pamoja na faida, kwa feza ya kodi. Kwa sheria za jimbo, deni la namna hiyo laitaka kura ya wananchi. Siku ikawekwa, tarehe 30 Novemba 1965. Sasa mkulima wa pamba wa kusini mwa Alabama, mbali na Huntsville, ana shauri gani na roketi? Von Braun alikuwa mjanja katika mambo ya watu kuliko katika chuma, naweza kusema. Aliona kwamba Waalabama hawazijali nyota, lakini wanaupenda mpira wao wa Kimarekani hata kupita kiasi. Katika jimbo lile kuna vyuo vikuu viwili ambavyo mashabiki wake hawapatani: chuo cha Alabama na chuo cha Auburn. Mwalimu wa timu ya kwanza aliitwa Bear Bryant, wa pili Shug Jordan. Watu walikuwa wakiwasikiliza wawili hao kuliko magavana. Basi wakaombwa waonekane kwenye televisheni, wote wawili wakisema neno moja: Pigeni kura ya ndiyo. Watu wakashangaa kuwaona mahasimu wamekubaliana, na kura ikapita.

Nimesema watu, lakini tusipite hapo haraka. Mwaka ule wa 1965 ndio mwaka wa Selma. Mwezi wa Machi, katika jimbo hilo hilo la Alabama, polisi waliwapiga kwa virungu na moshi wa kutoa machozi Weusi waliokuwa wakitembea kwa amani kudai haki ya kupiga kura. Kabla ya sheria mpya ya tarehe 6 Agosti 1965, kati ya Weusi watano wa Alabama wenye umri wa kupiga kura, hata mmoja kamili hakuwa ameandikishwa. Sheria ilikuwa na miezi isiyofika minne tu siku ile ya kura ya roketi. Kodi walilipa wote, weupe na Weusi. Ila wengi wa Weusi walikuwa bado wanasimama kwenye mistari ya kujiandikisha. Jumba lilijengwa kwa feza ya wote na kwa kauli ya baadhi.

Na manung'uniko juu ya feza hayakukosekana. Siku moja kabla ya watu kuondoka kwenda mwezini, mwezi wa Julai 1969, mchungaji Ralph Abernathy, aliyeshika kazi ya Martin Luther King baada ya kuuawa kwake, alifika kule Florida pamoja na familia za maskini na magari yanayovutwa na nyumbu. Alisema mbele ya mkubwa wa shirika la anga, Thomas Paine, kwamba taifa lenye kuufikia mwezi laona watoto wake wana njaa. Paine hakumfukuza. Alimjibu kwamba kama kuacha kubonyeza kitufe cha kurusha roketi kungeweza kumaliza shida zile, wasingekibonyeza. Mimi nayaona maneno ya wote wawili kuwa ya kweli, na ndiyo sababu shauri hili ni gumu. Mwenye kuwaomba watu feza kwa ajili ya roketi, tena roketi ya kutazamwa tu, lazima awe na jibu kwa mtu wa gari la nyumbu.

Mwaka huo wa 1969 Saturn V moja ikachukuliwa mpaka kiwanja cha jumba jipya, na mwaka wa 1970 milango ikafunguliwa. Hiyo haikuwa sanamu. Ilikuwa roketi ya kweli, ile waliyoitikisa kwa mashini mwaka wa 1966 na 1967 kuona kama itakatika safarini. Walikuwa wameipa kazi ya kuumia kwa ajili ya zile zitakazoruka. Ikalazwa ubavuni juu ya majani, nje, maana paa la meta 110 halikuwa katika hesabu ya zile dola milioni 1.9.

Na hapo ndipo adui wa kweli wa roketi alipoanza kazi yake, ndiye maji. Roketi imeundwa ili iishi dakika chache. Vyuma vyake ni vyembamba, vya namna mbalimbali, vimeshikana kwa misumari ya kukandamiza. Vyuma viwili vya namna mbili vikigusana na maji yakiwa katikati, kimoja hula kingine, hata bila kutu unayoiona kwa macho. Sponji la kuzuia joto hunyonya mvua likaoza. Rangi hupauka kwa jua, hupasuka, na kupitia nyufa maji huingia ndani mahali ambapo hayana njia ya kutoka. Kule Houston, katika jimbo la Texas, walikuwa na Saturn V nyingine iliyolala nje tangu mwaka wa 1977. Mafundi walipoanza kuitengeneza, yapata mwaka wa 2004, walikuta mimea ndani yake na wanyama wamejifanyia makao. Kumbe chombo cha kufikia mwezi kilikuwa kimegeuka kichaka.

Kila parokia yajua jambo hili kwa namna yake. Siku ya kujenga kanisa watu huja na matofali wakiimba. Siku ya kubadili mabati yanayovuja, miaka 20 baadaye, huja wachache, na kila mmoja auliza mchango wa kwanza ulikwenda wapi. Jina la aliyejenga huandikwa ukutani. La aliyeziba tundu haliandikwi popote. Wamarekani walipata shida hiyo hiyo, na mwaka wa 1998 wakabuni mpango wa serikali uitwao Save America's Treasures, wa kuokoa vitu vya thamani vya nchi. Sharti lake ni moja, nami nalipenda: serikali haitoi dola yake mpaka wenye kitu waonyeshe dola nyingine iliyotoka kwa watu. Ukitaka 500,000, kachange 500,000. Kwa hiyo mwenye jumba hawezi kukaa ofisini akingoja bahasha kutoka Washington. Atoke aende kwa watu, awaeleze kitu hiki ni nini na kinaoza kwa sababu gani. Kama watu hawakitaki, itajulikana mapema. Kwa msaada wa mpango huo Saturn V ya Houston ilitengenezwa na kujengewa nyumba. Ya Huntsville nayo ikapata jumba lake, lililofunguliwa mwezi wa Januari 2008, ikaanikwa humo juu ya vichwa vya watazamaji, kavu.

Lakini kabla ya hapo Huntsville walikuwa wamefanya jambo jingine ambalo nitalitaja bila kulikawilia. Mwaka wa 1999, miaka 30 baada ya watu kukanyaga mwezi, walisimamisha sanamu ya Saturn V, ya chuma, tupu ndani, yenye urefu kamili. Wenye magari waiona toka mbali sana, na usiku huwashiwa taa. Ni ya kupendeza, sikatai. Iligharimu dola milioni 8.6, na feza hiyo ilikuwa ya mkopo. Hapakuwa tena na kura ya jimbo zima kama ya mwaka wa 1965. Sanamu ikaja kwanza, hesabu ikafuata, na deni likawa mzigo juu ya jumba. Ule mwaka wa 1965, pamoja na udhalimu wake wote, angalau swali liliulizwa kabla ya jengo.

Nimeahidi habari ya Katanga, nayo ndiyo hii. Kati ya Wajerumani waliokwenda Huntsville pamoja na von Braun alikuwa mmoja aitwaye Kurt Debus. Alikuwa mkubwa wa kwanza wa kituo cha Florida ambako roketi za mwezi zilirushiwa. Alipostaafu mwaka wa 1974, akawa mwenyekiti wa baraza la kampuni moja ya Kijerumani, OTRAG, iliyotaka kurusha roketi za bei rahisi zenye kufungwa mafungu mafungu kama kuni. Kampuni ilipewa na serikali ya Zaire eneo la kilometa za mraba wapata 100,000 katika Shaba, yaani Katanga yetu, zaidi ya mara tatu ya Ubelgiji yote. Uwanja wao ulikuwa juu ya mlima wa Kapani Tonneo. Roketi ya kwanza ilipanda tarehe 17 Mei 1977. Tarehe 5 Juni 1978 Rais Mobutu mwenyewe alikuja kutazama, na ile ya siku hiyo ikapinda, ikaanguka. Mwaka wa 1979, kwa kusukumwa na mataifa ya nje, serikali iliifukuza kampuni.

Wakaaji wa nchi ile hawakupigishwa kura yoyote. Hakuna mwalimu wa mpira aliyekuja kuwabembeleza waseme ndiyo. Nchi ilitolewa juu ya vichwa vyao, na kazi ikaondoka juu ya vichwa vyao vile vile. Mtu akienda leo kuwaomba wazee wa huko mchango wa kusimamisha sanamu ya roketi ya OTRAG, nafikiri jibu lao tunalijua. Na hawatakuwa na kosa, sababu kitu kile hakikuwa chao wakati kinaruka, kitakuwaje chao kikiwa sanamu?

Turudi Huntsville. Ingawa jumba ni mali ya jimbo, halili kwa mkono wa jimbo. Hula kwa tikiti za wageni, na zaidi kwa kambi ya watoto iliyoanzishwa mwaka wa 1982, ambapo mamia ya maelfu ya vijana wamekaa siku chache wakijifunza kazi za angani. Mwezi wa Machi 2020 ugonjwa wa korona ukafunga milango. Wageni wakakoma, kambi ikavunjwa, wafanyakazi wengi wakarudishwa nyumbani. Mwezi wa Julai wakubwa wa jumba wakatangaza bila kuficha: Tusipopata dola milioni 1.5, tutafunga kabisa. Katika muda wa juma moja hivi kiasi hicho kilitimia. Kampuni ya Boeing ilitoa 500,000, na nyingine kubwa zikaongeza, lakini maelfu walikuwa watu tu, wengi wao ni wale waliowahi kulala kambini wakiwa watoto. Waliotoa hawakuwa wakinunua kitu. Walikuwa wakirudi nyumbani, kama kusema.

Kwa njia ya intaneti mambo haya yamekuwa mepesi kuliko wakati wa kupitisha kapu. Jumba kubwa la ndege na vyombo vya angani la Washington lilionyesha njia mwaka wa 2015. Lilitaka dola 500,000 za kutunza vazi alilovaa Neil Armstrong mwezini. Lilipata 719,779, kutoka kwa watu 9,477. Piga hesabu: dola 76 hivi kwa kila mmoja. Si feza ya matajiri hiyo. Ni bei ya viatu huko kwao.

Ila vazi la Armstrong lilifika mwezini, vumbi la huko limelishika. Pathfinder haikufika hata juu ya mti. Ndiyo maana kuiombea feza kulitaka maneno mengine. Haiwezekani kusema: Hiki kilifanya ajabu. Yabidi kusema: Hiki kilibebwa na kushushwa na kujaribiwa ili cha kweli kisiharibike, na tangu mwaka wa 1988 kimesimama mvuani ili mtoto wako aone ukubwa wa mambo. Ni utumishi wa namna ya chini, na watu waliuelewa. Jumba likapata ruzuku ya dola 500,000 ya ule mpango wa Save America's Treasures, kwa sharti lile lile la kuchanga kiasi kama hicho. Mwaka wa 2021 mashini za kunyanyulia zikafika, zikaiteremsha Pathfinder toka juu ya tangi lake ili itengenezwe. Mzigo ulioundwa ili watu wajifunze kunyanyua ukanyanyuliwa tena, baada ya miaka zaidi ya 40, na watu wengine kabisa.

Kazi ya namna hiyo ni ya uvumilivu. Chuma kilicholiwa na kutu hukatwa, kipya kikaungwa kwa moto. Mbao zilizoloa hutolewa moja moja. Nyufa zote huzibwa, na maji huachiwa njia ya kutoka, maana hakuna mpako wa rangi unaozuia mvua milele, ila tundu dogo mahali palipo chini huokoa mengi. Baada ya hapo ndipo rangi nyeupe na nyeusi hupakwa, nayo ndiyo pekee ambayo mtazamaji ataiona. Nusu ya mchango, pengine zaidi, hukaa mahali pasipoonekana. Mweka hazina wa mradi wowote akiwaeleza watu jambo hilo mapema, hapati maneno mabaya baadaye.

Lakini si kila kitu kilichookolewa. Upande wa kaskazini wa Alabama, kando ya barabara kuu, karibu na mpaka wa jimbo la Tennessee, ilisimama tangu mwaka wa 1979 roketi ya namna ya Saturn IB, urefu wake meta 51. Haikuwa sanamu. Ilitengenezwa kwa safari, ila safari haikuja, nayo ikawekwa mahali pa kupumzikia wasafiri iwakaribishe wageni wa jimbo. Madereva waliizoea kama alama ya kufika nyumbani. Kwa miaka 44 ilikuwa ya wote, na labda kwa sababu hiyo hakuna aliyeiona kuwa yake. Hapakuwa na mlango wa kukatia tikiti wala kambi ya watoto chini yake, wala kikapu. Mwanzoni mwa 2023 ilitangazwa kwamba imeoza mno, na kuitengeneza kungehitaji zaidi ya dola milioni 7. Watu wakalia, wakaandika, viongozi wa karibu wakaomba iachwe. Wengi walisema wangechanga, kama wangeambiwa miaka kumi mapema.

Mwezi wa Septemba 2023 ilishushwa.